Roketi ya maji isifungiwe pamoja na roketi ya moto



Kila mtu amesoma tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa biro ya prefe: ni marufuku kutengeneza wala kurusha roketi ya namna yoyote ndani ya kiwanja cha masomo, mpaka baraza la nidhamu litakapokutana. Sisi tulio na kazi ya ukapita njo tulisoma tangazo hilo mbele ya mistari asubuhi, na sisi hawa hawa njo tulibeba ubao wa roketi yetu wenyewe kuupeleka depo. Tumetii. Lakini bulletini hii iliwekwa ili wanafunzi waseme, na sisi tuko na neno: tangazo lile limefunga vitu viwili kwa kamba moja. Roketi ya moto ifungwe, nasi tutasaidia kuifunga. Roketi ya maji ifunguliwe, na masharti yake tutayataja hapa chini.

Kwanza ijulikane ni kitu gani, maana wengi waliona tu maji yakirushwa na kusikia watu wakipiga kelele. Roketi yetu ni chupa tatu za plastiki, zile za limonadi za lita moja na nusu, zimefungwa pamoja kwa skochi, midomo ikiangalia chini. Mabawa ni kartoni ya sabuni. Juu kabisa kuna kichwa kilichokatwa kwa chupa ya nne. Ndani yake kuna nafasi ya mzigo na mfuko wa plastiki wenye nyuzi sita, ndiyo parashuti. Hakuna moto, hakuna viberiti, hakuna petroli. Ndani ya kila chupa tunatia maji nusu lita, kisha tunasukuma upepo kwa pompi ya kinga. Upepo unabanwa, unatafuta njia, unasukuma maji yatoke chini kwa nguvu, na chupa zinaenda juu. Ni ile kanuni ya tatu ya Newton, ambayo sote tumeiandika katika kaye bila kuiona hata siku moja.

Mtu atauliza: juu gani chupa tatu, na chupa moja inaruka vizuri? Jibu letu linatoka hapa hapa Katanga.

Mwaka 1976 kampuni moja ya Ujerumani ya Magharibi, jina lake OTRAG, ya injinia Lutz Kayser, ilipatana na serikali ya Zaïre ya wakati ule. Ikapewa eneo la kilometa za mraba karibu 100 000 kaskazini ya Shaba, ndiyo kusema Katanga. Walijenga kambi na uwanja wa ndege juu ya mto Luvua, mahali panapoitwa Kapani Tonneo, na tarehe 17 Mei 1977 roketi yao ya kwanza ikapanda. Wakubwa wa siasa waligombana sana juu ya jambo lile, wengine wakisema ni silaha iliyofichwa porini. Hayo tunawaachia walimu wa historia. Kitu kinachotuhusu sisi ni namna roketi yenyewe ilivyotengenezwa. Kayser hakutaka roketi moja nene ya bei kali. Alitaka bomba nyembamba, zote sawasawa, zifungwe pamoja kama fungu la kuni. Ukitaka nguvu zaidi, unaongeza bomba. Na kwa kufungua valvu za mafuta walitumia mota ndogo za kupanguza vioo vya motokari, kitu cha duka tu. Tarehe 5 Juni 1978 walirusha roketi ya tatu mbele ya macho ya Rais Mobutu. Ikapanda kidogo, ikalala upande, ikaanguka bondeni. Mwaka 1979 mapatano yakavunjika, wakaondoka.

Wao walienda, lakini sisi tulibaki na swali lao: namna gani bomba nyingi zilizofungwa pamoja zinaweza kuondoka kwa mara moja, hata moja isitangulie?

Swali hilo lilitukamata miezi miwili. Chupa moja ni kazi nyepesi: unaweka kizibo, unapompa, kizibo kinashindwa, inaruka. Lakini vizibo vitatu, kila kimoja kina moyo wake. Kimoja kinatoka mbele ya vingine, na fungu lote linapinduka na kukimbia chini-chini kama mbuzi aliyekata kamba. Aliyetupa njia ni fundi wa kinga wa pale sokoni, mutu ambaye hakuketi hata siku moja katika darasa la sekondari. Alisema vizibo tutupe, chupa tuzishike shingoni. Na kweli, chini ya mdomo wa kila chupa ya limonadi kuna pete ya plastiki. Tukakata ubao wenye matundu matatu, kila tundu upande mmoja pana, upande mwingine jembamba. Pete zinashikwa kwenye wembamba. Ukivuta ubao kwa kamba, zote tatu zinafikia upana pamoja, zinaachiliwa. Bomba tatu fupi zinaingia ndani ya midomo, zimevishwa mpira uliokatwa kwa mpira wa ndani wa gurudumu, na kule chini zinaungana katika tiyo moja, ili upepo uwe sawasawa katika chupa zote.

Hapo ikaja hesabu. Mafundi wa magurudumu wanapima upepo kwa kilo, maana yake kilo juu ya kila santimeta ya mraba. Mdomo wa chupa una upana wa milimeta 22 hivi, ndiyo kusema santimeta za mraba 3,8. Kwa upepo wa kilo 4, kila chupa inasukuma pete yake kwa kilo 15, na zote tatu kwa kilo 45, karibu mfuko mzima wa simenti unaoning'inia juu ya ubao mmoja. Sasa mnajua kwa nini ubao ule unapakwa mafuta ya mawese mbele ya kila safari, na kwa nini anayevuta kamba ni yule mkubwa wa timu ya mpira. Hesabu hiyo haikuandikwa kwenye tablo na mtu yeyote. Ilifanywa mchangani, kwa kijiti, na mwanafunzi wa darasa la chini ambaye katika fizika anapata 4 juu ya 10. Hatutaji jina lake, mwalimu wake anamjua.

Tuseme pia ukweli mwingine, maana watu walidanganyana. Chupa tatu hazipandi juu mara tatu. Nguvu inakuwa mara tatu, lakini uzito nao mara tatu, basi ni sawasawa. Faida ya fungu ni kubeba. Chupa moja tupu ina gramu 40 hivi. Yai la kuku lina gramu 55. Ukipandisha yai juu ya chupa moja, abiria ni mzito kuliko motokari. Juu ya chupa tatu linakaa vizuri. Na yai njo abiria wetu. Limesafiri mara mbili. Mara ya kwanza lilishuka zima, likapikwa jioni. Mara ya pili parashuti haikufunguka, na wale waliokuwa chini ya mwembe wanajua habari iliyobaki.

Walikuwako waliotaka panya apande. Walisikia habari za injinia Jean-Patrice Keka, Mkongomani mwenzetu, anayejulikana kwa roketi zake Troposphère alizorusha kule Menkao, upande wa Kinshasa. Mwaka 2008 Troposphère 4 ilipanda vizuri. Mwaka 2009 Troposphère 5 ilibeba panya, jina lake Kavira. Roketi ikapinda njia, ikaanguka, panya akafa. Keka tunamheshimu sana, hakungoja mutu wa ng'ambo aje kumfungulia mlango. Lakini juu ya panya tulikataa na tutakataa tena. Yai likivunjika linatuambia kile kile ambacho panya angetuambia, na halina damu.

Tena kuna kupima. Roketi ilipopanda mara ya kwanza, vijana walipiga kelele: «Mita mia! Mita mia mbili!» Wasichana wawili walikuwa wamesimama pande mbili za kiwanja, kila mmoja mita 50 toka kwa roketi, mkononi raporteri yenye uzi na kijiwe. Mmoja alisoma pembe ya digrii 36, mwingine 33, kwa sababu roketi ililala kidogo upande mmoja. Wakachukua tanjanti, wakafanya hesabu ya pembetatu mbili, wakaongeza urefu wa macho yao wenyewe toka chini, wakapata mita 36. Wale wa mita mia wakanyamaza. Wengi wetu tulikuwa tumesoma tanjanti mwaka mzima tukidhani ni kitu kilichoumbwa kwa ajili ya Egzameni ya Serikali tu. Labo yetu iko na kabati mbili, moja haifunguki, nyingine ina chupa zisizo na majina. Hatulaumu mtu, tunajua bei ya vyombo. Ila kiwanja kipo, upepo ni wa bure, na chupa zinaokotwa njiani.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Siku ile ya yenga, mchana, vijana wanne wa madarasa ya chini, bila ruhusa na bila sisi kujua, waliokota chupa nzee iliyokaa juani miezi mingi, wakaipompa kavu, bila maji, nyuma ya internati. Wakapompa, wakapompa. Ikapasuka. Mlio wake ulikuwa kama bunduki. Au tuseme hivi: kwa masikio ya watu wa hapa, ilikuwa bunduki. Watu wa upande wa pili wa lupango hawakungoja kuuliza. Mzee mmoja alianguka mferejini. Mama anayetuuzia mikate saa ya pumziko alimfunga mtoto mgongoni, akashika sufuria ya bugali kwa kitambaa, moto vile vile, akakimbia njia ya mtoni. Alirudi jioni giza likiingia. Tulienda kwake kuomba samahani kwa jina la wanafunzi wote. Hakututukana. Alisema: «Batoto, mimi nimekimbia mara tatu mu maisha yangu. Mara ya kwanza nilipoteza mutoto mu njia. Ninyi munacheza na ile sauti?»

Hatukuwa na jibu. Hata leo hatuna.

Tunaiandika habari hii kwa sababu katika masomo watu wanataja sababu nyingi za kukataza roketi, na karibu zote ni nyepesi. Wanasema ni mchezo wa watoto: basi waje wafanye hesabu ya kilo 45. Wanasema inakula saa za kusoma: timu ya mpira inakula saa nyingi zaidi na hakuna anayelia. Wanasema wafinalisti wafikirie egzameni: tunaifikiria usiku na mchana, asanteni. Lakini mama wa mikate hakutoa sababu ya maneno. Yule amekimbia. Kama baraza la nidhamu litafunga roketi yetu kwa ajili yake, tutainamisha kichwa. Tunachoomba ni kwamba baraza lipime vizuri kama tangazo hili linamlinda mama yule kweli, ama linamwongezea hatari.

Maana tazameni. Mlio ule haukutoka kwa roketi inayoruka. Roketi ya maji ikiondoka vizuri haipigi mlio wa bunduki. Inatoa sauti fupi, kama limonadi inayofunguliwa, ila kubwa zaidi. Mlio ulitoka kwa chupa nzee, kavu, iliyopompwa kwa kujificha na watu ambao hakuna aliyewafundisha. Tangazo halikutoa chupa nzee njiani, wala halikutoa pompi mikononi mwa watu. Limetoa kitu kimoja tu: mahali pa wazi ambapo mkubwa anasimama na kuona.

Na kuna baya zaidi. Tangazo halijamaliza juma moja ukutani, tukiwa katika kazi yetu ya kukagua internati, tulikuta chini ya godoro kopo la maziwa lenye vichwa vya viberiti vilivyokwanguliwa, nusu kopo nzima. Kando yake, kipande cha bomba la chuma. Tulilipeleka siku ile ile kwa direktere wa internati, na wenye kopo wanajulikana. Waliona kwenye telefoni, wakasema: maji yamekatazwa, moto nao umekatazwa, basi tofauti ni nini?

Tofauti ni hii. Kichwa cha kiberiti kimetengenezwa kiwake kwa kukwaruzwa. Ukishindilia mamia yake ndani ya bomba, hakuna mutu duniani anayejua yatawaka saa gani, hata wewe unayeshindilia. Na chuma kikipasuka kinatawanyika vipande, ni kama girinadi. Vidole havioti tena, macho hayaoti tena. Juu ya jambo hili sisi makapita hatutamtetea mwanafunzi yeyote, hata awe ndugu yetu wa tumbo moja. Mzazi wake aitwe.

Lakini mkiweka maji na moto katika adhabu moja, kijana anachagua kile chenye mlio mkubwa. Tumeona kwa macho yetu kwamba wale wale wenye tabia ya kuchezea moto, wakipewa zamu ya kupompa na ya kusoma kipimo cha upepo, wanasahau viberiti. Mmoja wa wenye kopo alikuwa mshika-parashuti wetu mbele ya tangazo, na alikuwa mzuri.

Kwa hiyo tunaliomba baraza hivi. Roketi ya maji irushwe siku ya posho tu, saa ya mchana, mwalimu mmoja akiwapo, naye awe na neno la mwisho. Upepo usipite kilo 4, na kipimo cha fundi kiwe pale pale, siyo kukisia kwa mkono. Chupa iliyokaa juani au yenye mkunjo isitumike. Na kila chupa mpya ijaribiwe kwanza kwa njia ambayo mwalimu wa fizika alitueleza: ijazwe maji mpaka mdomoni, ndipo ipompwe mpaka kilo 6. Kama ni dhaifu itapasuka pale, lakini bila mlio mkubwa, kwa sababu maji hayabanwi kama upepo na hayaweki nguvu ndani yake. Yanamwagika tu na kulowesha viatu. Chupa ile iliyopasuka nyuma ya internati ilikuwa na upepo mtupu, ndiyo sababu ilipiga kelele vile. Jaribio hili wanafunzi wote walione, hata wasiopenda roketi.

Na jirani wajue mapema. Kila posho ya kurusha, asubuhi makapita wawili wapite nyumba kwa nyumba upande wa lupango, waseme saa. Kisha, mbele ya kuvuta kamba, lingi ya kengele ipigwe mara tatu polepole, si kwa haraka kama ya hatari. Mwenye kutaka kuja kuona aje, kiwanja ni kikubwa. Mkuu wa mtaa apewe barua yenye muhuri wa masomo. Kama jirani watasema hapana, iwe hapana. Tutabeba vyombo mpaka kule kiwanja cha zamani cha ndege, mwendo wa saa moja kwa miguu, na tutakaobeba ni sisi.

Tumekwisha kwenda kwa mama wa mikate kumwonyesha maneno haya mbele ya kuyapiga kwenye stensili, kwa sababu tunamtaja ndani. Alisikiliza yote. Akauliza kama kengele zitapigwa tatu kweli ama siku moja tutasahau. Tukamwambia tutaandika jina la mpiga kengele kwenye ubao wa zamu. Akasema mbele ya baraza atakuja, ila isiwe siku ya soko.

Baraza halijataja tarehe yake. Ubao wa matundu matatu uko depo, nyuma ya viti vilivyovunjika, tunaomba asiupasue mutu kwa kuni. Chupa tumezitunza kivulini. Pompi tumemrudishia sentinele, maana kinga yake haiwezi kungojea baraza.